Bluu ya Kuazima

Mama Neema alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimewapanga wanafunzi kumi na wanne kwenye benchi wakisubiri picha za pasipoti, akaniambia kwamba mume wake, Mzee Anselmi, amefariki, na kwamba wameshamzika Jumamosi kwao Moshi. Nikasema pole mama, poleni sana, nikakata simu, nikaendelea na kazi. Kwa mwanafunzi wa nane ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewasha taa ya kushoto. Nilirudia wote kuanzia mwanzo, na hakuna aliyelalamika, labda kwa jinsi uso wangu ulivyokuwa. Jioni nikampigia tena, tukaongea karibu saa nzima, na kabla ya kuagana akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kuuliza jambo dogo, kama bado ninazo zile picha. Ninazo. Ni mbili, na moja kati yake ni ya aibu, na tangu nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu sijamsimulia mtu habari yake. Sasa nimepita arobaini, nina studio yangu, nina vijana ninaowagombeza kutwa, na mwaka ule bado haujaniacha. Lakini mimi ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Ukiniambia njoo kesho saa tatu tuzungumze, basi usiku huo usingizi nimeshauaga.

Wakati huo nilifanya kazi kwa Patron Désiré, pale Kabeza, Kigali, katika chumba kimoja kirefu kilichokatwa na pazia katikati. Mbele ya pazia yeye alipiga picha. Nyuma yake nilikaa mimi na kompyuta, na feni iliyokuwa ikigeuka upande mmoja tu, na sahani yangu ya melanje, wali, maharage, chipsi na mboga za dodo vyote pamoja, nikila kijiko kimoja kwa kila wateja wawili. Watu walikuja na fulana zao za kazini, na ofisi walikopeleka picha zilitaka mtu aliyevaa koti. Kwa hiyo ndani ya kompyuta tulikuwa na faili lililoitwa VESTE: makoti ishirini na tatu, ya kiume na ya kike, hayana vichwa. Patron alisema tu kutoka mbele, "Zaina, huyu umupe veste ya gris, na sura ufungule kidogo," nami nikaung'arisha uso wa mteja, nikakata kichwa chake, nikakiweka juu ya koti la kijivu, nikaanza kazi yenyewe, ambayo ilikuwa kuvipatanisha. Kivuli cha kidevu kishuke kwenye kola. Mwanga wa shingo usizidi wa bega. Hakuna aliyehesabu kwamba ni udanganyifu. Mteja alijua, sisi tulijua, na nadhani hata wale wa ofisini walijua, maana koti lile lile la kijivu walikuwa wakiliona mara nane kwa siku na hawakuuliza kitu.

Mzee Anselmi aliingia mwezi wa tano, akitaka picha za faili la hospitali. Alikuwa Mtanzania aliyekuja Kigali kupima barabara, akastaafu, akabaki. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kila neno limevaa viatu, hata Patron aliposikia salamu tu akakimbilia Kifaransa. Wakati akisubiri picha zikauke alifunua pazia, akasimama nyuma yangu bila kuomba ruhusa, jambo ambalo silipendi hadi leo, akainamisha kichwa upande mmoja na kutazama skrini kwa pembe ya jicho la kulia, kama kuku anayechungulia punje. Nilikuwa namvalisha koti kijana mmoja wa karakana. "Binti," akasema, "umejuaje kwamba shingo yake ilitaka kupunguzwa mwanga?" Nikamwambia nimeona tu. "Na rangi je?" Nikasema rangi haina shida, Mzee, mwanga ukikubaliana rangi inafuata.  Wiki iliyofuata alirudi na kumwomba Patron aniache niende kwake Kagugu kila Jumamosi alasiri. Nilipoulizwa nikasema yego, ndiyo, kabla sijajua ni kazi gani, kisha nikaogopa njia nzima ya kwenda, nimekaa kwenye pikipiki nyuma ya motari, kofia ya chuma ikinipwaya kichwani.

Kazi, kumbe, ilikuwa kuunganisha picha za anga alizopiga usiku kwa darubini, na ilifanyika katika chumba kilichokuwa cha binti yao Neema, aliyekwisha kuolewa Arusha. Kitanda chake bado kilikuwepo, kimejaa nyaya na makaratasi. Dirisha lilitazama barabara ya vumbi jekundu ambako malori yalipita siku nzima na matofali, maana Kagugu ilikuwa inajengwa kila upande. Darubini yenyewe ilikaa juu ya paa la zege, imefunikwa turubai. Nilipanda kuiona mara moja nikashuka. Sikuhitajika huko. Mzee alipiga picha zake peke yake katikati ya juma, akisoma namba kubwa kubwa kwenye kompyuta ili ajue kama nyota zimekaa vizuri, na Jumamosi mchana mimi nilipokea alichopata. Mama Neema alituletea mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, akaweka bakuli langu mbali na kibodi na kusimama hapo mpaka nimeonja. Nilikula sana mwaka ule. Wasiwasi kwangu unafungua njaa.

Kamera yake haikujua rangi. Ilipiga nyeusi na nyeupe tu, na mbele yake kulikuwa na gurudumu la vioo vinne: kimoja cheupe cha kupitisha mwanga wote, na vingine vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu. Cheupe ndicho kilichobeba mzigo. Picha zake zilikuwa nyingi, ndefu na kali, na zikirundikwa pamoja zilitoa umbo lote, kila mkunjo wa vumbi. Hiyo Mzee aliiita mwanga. Vile vitatu vilipewa muda mfupi, na picha zao zikiunganishwa zilitoa rangi, ila rangi ya ukungu ukungu. "Haidhuru," alinifundisha siku ya kwanza. "Jicho la mtu linatafuta ukali kwenye mwanga. Rangi hata ikipakwa kwa ufagio halijali. Unaweka rangi chini, mwanga juu, na mtu ataapa kwamba vilipigwa pamoja." Ugumu ulikuwa ule ule wa makoti. Mwanga ukizidi, rangi inapauka kama kitenge kilichofuliwa miaka mitano. Ukiupunguza mno, rangi inashiba lakini umbo linakufa. Inabidi uushushe mwanga mpaka ulingane na rangi iliyo chini yake, kisha uvipandishe vyote pamoja, hatua kwa hatua. Niliipata kazi hiyo katika Jumamosi mbili, nikajivuna sana, nikamsumbua Patron kwa maelezo mpaka akaniambia, "Sha Zaina, mimi iko na bibi harusi hapa."

Kitu alichokuwa akikipiga msimu mzima kilikuwa kimoja, wingu la gesi na vumbi lililo mbali huko angani, ambalo sehemu yake moja ni nyekundu na nyingine, juu yake, ni ya bluu. Ile nyekundu inawaka yenyewe. Ile ya bluu haiwaki. Ni vumbi tu linaloakisi nyota iliyo karibu nalo, kwa hiyo ni hafifu mno. Mzee aliitaka ile bluu. Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha siku nyingi, la kulia lilikuwa linafungwa kutoka pembeni kwenda katikati, na katika rangi zote, aliniambia, bluu ndiyo inayomkimbia kwanza. Shati la bluu aliliona kijivu. "Nataka niione ile, iliyotoka kwenye kamera yangu mwenyewe. Baada ya hapo sina neno." Nilidhani anasema kama wazee wanavyosema. Kisha Jumamosi moja ya mwezi wa nane, yeye akiwa juu ya paa akifunga turubai, nikamsikia Mama Neema jikoni akiongea na binti yake kwa simu. "Ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa kumi. Hapana, si uhakika, mama. Daktari amesema wasipopasua litakufa taratibu, na wakipasua laweza kupona au likafa siku hiyo hiyo. Hapana, yeye anajua. Anajua vizuri kuliko mimi." Mimi nikaendelea kutazama skrini. 

Tangu hapo sikuwa na raha. Nilihesabu Jumamosi zilizobaki kwa vidole chini ya meza. Tulikuwa na mwanga wa kutosha na kuzidi, tulikuwa na nyekundu, tulikuwa na kijani, na bluu Mzee alikuwa ameiacha mwisho kwa sababu, alisema, chakula kizuri kinaliwa mwisho. Nilimkasirikia kimoyomoyo kwa hilo, na bado namkasirikia kidogo. Mwezi wa tisa ulipoanza, walikuja watu wakasimika taa mpya za barabara kutoka njia kuu hadi mbele ya lango lake, taa nyeupe kali, majirani wakafurahi, na Mama Neema pia akafurahi. Kisha moshi wa watu wanaochoma majani mashambani ukakaa juu ya mji wiki nzima, na ulipoondoka, mawingu ya mvua yakaja mapema. Mzee alipata fremu sita za bluu, yaani picha sita kupitia kioo kile. Sita, na mbili kati yake zilikuwa na wingu.

Niliziunganisha hivyo hivyo. Nilishusha mwanga mpaka chini, nikalainisha ile bluu kadiri ilivyovumilia, nikaipandisha, nayo ikatoa chenga chenga tu, kama redio isiyoshika stesheni. Ukijua pa kutazama, ulikiona kivuli cha bluu juu ya ile nyekundu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa nikamwita Mzee aje aone. Akaketi, akaweka pua karibu na kioo, akageuza kichwa chake. Akapita picha nzima kutoka kona hadi kona, taratibu, kisha akarudia. "Nyekundu naiona," akasema. "Iko wapi bluu?" Nikachukua penseli nikamwonyesha. "Hapa?" Hapa, Mzee. "Hapa." Hakuwa akiuliza tena. Akarudi nyuma kwenye kiti, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akasema asante binti, tumefanya kazi. Nisingependa kumwona mtu mwingine na sura ile. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilichojua duniani ni jambo moja tu, kwamba mtu akija bila koti unampa koti. Nikasema, Mzee, nipe mpaka Jumatano, kuna njia sijaijaribu.

Njia yenyewe ilichukua saa mbili. Kwenye kafe ya intaneti jirani na studio nilitafuta wingu lile lile, nikapata picha ya mtu fulani wa mbali mwenye darubini kubwa na anga safi, na bluu yake ilikuwa nzito, ya kushiba, hata ungetamani kuivaa. Nikaichukua. Nikaileta studio, nikapatanisha nyota zake na nyota zetu, nikaitia ukungu mpaka umbo lote la yule mtu likapotea na kubaki rangi tupu, nikaiweka chini ya mwanga wa Mzee Anselmi. Ilikaa. Wallahi ilikaa kuliko koti lolote nililowahi kumvalisha mtu. Kila mkunjo ulikuwa wake, kila nyota ilikuwa yake, na rangi ilikuwa ya mwingine, na hapakuwa na mtu duniani ambaye angeweza kuonyesha mshono. 

Jumatano akaitazama. Mkono wake ulitafuta ukingo wa meza ukaushika. Kisha akaita, "Mama Neema, njoo. Njoo uone, naiona." Mama Neema akaja na mikono yenye unga, akanitazama mimi kabla ya kutazama picha, akasema nzuri, nzuri sana. "Fremu sita," Mzee akawa anarudia. "Fremu sita tu, binti. Sikujua kwamba zinatosha." Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokifanya. Yule wa karakana alijua kwamba koti si lake. Nilitaka kusema pale pale, lakini sauti ya mtu mwenye furaha inaziba mdomo wa mwenzake, na mimi si jasiri. Nikanywa chai mbili.

Siku hiyo hiyo aliituma kwa barua pepe kwa wenzake, watu saba au wanane wa Nairobi na Dar wanaopiga picha za anga kama yeye, na akaniamuru niandike chini yake idadi ya fremu za kila kioo. Niliandika. Bluu: sita. Kesho yake mwanamke mmoja wa Nairobi akajibu: hongera Mzee, bluu hii kwa fremu sita kweli, naomba unitumie fremu ghafi za bluu nijifunze. Mzee aliona ni heshima kubwa. Akanipigia simu studio: "Mtumie, binti, fremu zote unazo huko." Nikasema leo umeme hauko sawa. Siku ya pili nikasema laini ya intaneti ni nyembamba, mafaili ni makubwa. Siku ya tatu nikasema Patron ana harusi mbili. Kila simu ilipolia nyuma ya pazia niliiacha ilie mpaka karibu ikatike. Nilikosea vichwa, nikampa mama mmoja mtu mzima koti la kiume, na Patron akaja mwenyewe kuuliza. "Wewe iko na shida gani?" Nikamweleza yote. Alisikiliza amesimama, akichezea kifuniko cha lenzi. "Ariko Zaina, hiyo ni veste," akasema. "Umemupa veste. Mzee anafurahi, anakwenda hospitali na furaha. Unataka kumuvua mbele ya watu?" Nikasema yeye hajui kwamba ni veste, Patron. Akafikiri kidogo. "Hiyo ndiyo mbaya," akasema, akarudi kwa wateja wake.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku moja kabla ya upasuaji, nilikwenda Kagugu nikiwa nimeshatunga sentensi yangu. Niliirudia juu ya pikipiki mpaka motari akageuka kuuliza kama namwambia yeye. Ilikuwa fupi: Mzee, ile bluu si yako, niliichukua kwa mtu, nisamehe. Nikamkuta chumbani amevaa shati jipya, amekaa mbele ya picha, mikono juu ya magoti. Nikasema, Mzee, kuna jambo. "Subiri, binti," akasema bila kugeuka, "usinikatize. Naikariri. Nimeanza kushoto, nimefika katikati." Alikuwa akipita juu yake sehemu kwa sehemu, kidogo kidogo, midomo ikicheza. Nilisimama mlangoni. Lori likapita nje, dirisha likatikisika, naye akaendelea. Alipofika juu, kwenye bluu, akakaa hapo muda mrefu kuliko sehemu zote. Nimeshafikiri mara nyingi kwamba ule ndio ulikuwa wakati wa kusema, na kwamba mtu mwenye moyo angesema. Alipomaliza akaniuliza ni jambo gani. Nikamwambia nimekuja tu kumtakia heri. Akanishika mkono akanishukuru kwa yote, na mimi nikaupokea mkono ule.

Jicho lilikufa siku ile ile ya upasuaji.

Nilikaa wiki tatu bila kumwambia. Nilikwenda kumwona mara mbili pamoja na Patron, tukiwa na maji ya matunda na maneno ya kawaida, na mara ya tatu nikaenda peke yangu. Walikuwa sebuleni, yeye kwenye kiti cha dirishani, Mama Neema akimenya njegere ndani ya ungo, redio ikisoma habari kwa sauti ya chini. Nikaisema ile sentensi. Nilisema na ya pili na ya tatu, nikaeleza habari ya kafe, ya ukungu, ya nyota nilivyozipatanisha, nikasema nilitaka aione tu, hata yasiyoulizwa nikayasema. Mama Neema aliacha kumenya. Mzee alikuwa amegeuzia uso wake dirishani kana kwamba anatazama, na alipozungumza hakupandisha sauti. "Kwa hiyo nilichokiona mwisho si changu." Nikalia. Sikuwa na haki ya kulia mbele yake, nalijua hilo, lakini nililia. Akangoja ninyamaze, kisha akasema, "Nenda nyumbani, binti." Mama Neema alinisindikiza hadi langoni na hakunishika bega kama siku zote.

Miezi sita haikuja simu. Niliacha kuvalisha watu makoti kwa muda, nikisingizia mgongo, na Patron akayafanya mwenyewe, vibaya, vichwa vikielea, wateja wakarudi kulalamika. Sikusali vizuri wala kula vizuri. Watu wanasema muda unasaidia, na sijui ni muda gani wanaousema. Mimi kila Jumamosi ilipofika alasiri nilikuwa najikuta nimesimama mlangoni nikitazama pikipiki zinazoelekea upande wa Kagugu. Sasa nikiwa na umri huu najiuliza kama nilimlilia yeye au niliililia nafsi yangu, na jibu ninalolipata si zuri sana. Mwezi wa tano Mama Neema alisimama mbele ya studio, mkoba kifuani, akakataa kiti. "Mzee anauliza kama Jumamosi una nafasi," akasema. Nikamuuliza amesamehe? Akanitazama kama mtu anayetazama mboga za jana. "Mimi nimetumwa kuuliza habari ya Jumamosi."

Alikuwa ameweka mpango wote kichwani. Mwanga tunao, alisema, nyekundu tunayo, kijani tunacho, na vyote ni vya kweli. Msimu huu ni bluu peke yake. Yeye angeshughulika na darubini kwa mikono, maana kila skurubu aliijua, na mimi ningekaa naye usiku nikimsomea namba. Hakunikaripia na hakunitania, na kwa miezi mitatu tulisema namba tu. Alizungumza na wakazi wa njia ile mmoja mmoja, akiongozwa na Mama Neema, mpaka wakakubali taa ya mbele ya lango lake ikingwe kwa bati upande wa paa. Mara nyingine tulipata fremu mbili, mara nyingine tulikaa bure. Na siku moja, alasiri, kabla hata hatujafika ishirini, akaniambia niwashe kompyuta nimwandikie barua yule mwanamke wa Nairobi.  "Andika," akasema. "Dada mpendwa, uliniomba fremu za bluu za mwaka jana nami sikukutumia. Ile bluu haikuwa yetu." Nikaacha kuandika. Nikamwambia, Mzee, andika kwamba ni mimi. "Nani alituma picha ile? Jina la nani lilikuwa juu?" Nikasema lake. "Basi andika. Haikuwa yetu. Tuliiazima bila kuomba, na sasa tunaitafuta ya kwetu." Niliandika hivyo, nikamsomea mara mbili, akasema tuma.

Mwishoni mwa mwezi wa nane tulikuwa na fremu hamsini na tatu. Nilizirundika, nikaziunganisha na nyekundu na kijani, nikashusha mwanga ukutane nazo, nikapandisha vyote pamoja, na nilifanya kazi hiyo siku nne kwa woga, nikikagua kila hatua kama mtu atakayepekuliwa. Haikuwa nzito kama ile ya kuazima, wala haikukaribia. Ukiziweka picha mbili pamoja, mtoto angechagua ile ya uongo. Hiyo ya pili ndiyo niliyomtumia Mama Neema juzi, na ile nyingine hakuiuliza tena. Wakati ule niliichapisha hiyo ya kweli kwenye karatasi kubwa ya picha za harusi, nikaipeleka Kagugu siku ya Jumapili baada ya misa yao, nikaiweka mezani mbele yake.

"Ikoje?" akauliza. Nikamwambia bluu imetoka, ni hafifu, iko juu ya nyekundu kidogo kushoto, pembeni inafifia mpaka huwezi kusema imeishia wapi. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, kwa upole, naomba uende jikoni umwambie mama aje, nawe ubaki huko. Nikaelewa. Alikuwa anataka shahidi wa pili, na shahidi wa kwanza asiwe karibu. Nilisimama jikoni nimeshika kiti, nikisikia sufuria ikichemka, na ingawa safari hii sikuwa nimeficha kitu, niliogopa kuliko siku zote za mwaka ule. Je, Mama Neema asipoiona? Macho yake hayakuzoea. Akisema haipo, mimi nitasema nini, na nani ataniamini? Nikamsikia akisema polepole, "Nyekundu ni kubwa. Halafu huku juu iko kama maji ya kufulia, yale uliyotia bluu kidogo, uliyotia mara moja tu. Si nyingi, baba Neema."  "Kushoto au kulia?" Mzee akauliza. "Kushoto kidogo."

Akaniita. Nilipoingia alikuwa amenyoosha mkono wa kulia mbele yake, kidole cha shahada kimesimama kinangoja. "Niweke hapo," akasema. Nikakishika kidole chake, mara ya kwanza kumgusa tangu siku ile ya Alhamisi, nikakishusha juu ya karatasi mahali penyewe. Kilifunika bluu yote. Akakisogeza kidogo huku na huku, akinisikiliza nikimwambia sasa umetoka, sasa umerudi, mpaka akajua mipaka yake.

"Ni ndogo," akasema.

"Ni ndogo, Mzee."

"Lakini ipo."

"Ipo."

Hakukiondoa kidole. Mama Neema akaenda kuzima jiko, akarudi, akaketi upande wa pili wa meza, na sisi watatu tukabaki hivyo, mimi bado nimeshika mkono wake, maana hakuniambia niuachie.